R.I.P.D.: Maswali Mnayoniuliza Kila Mara Kuhusu Polisi wa Marehemu

Kila muvi hii ikipita kwenye televisheni usiku, asubuhi nakuta ujumbe: "Hivi ile ya kauboi mzee na polisi aliyekufa inaitwaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka majibu yote hapa. Nimeitazama mara tatu, na mbili zingetosha. Anayetaka kuiona bila kujua chochote aishie hapa, maana humu namwaga mtama wote, hata mwisho wake.

Jina lake lina maana gani?

R.I.P. mnaijua, iko kwenye kila tangazo la msiba. Ile D ni ya "idara", kama polisi wa miji ya Marekani wanavyofupisha majina ya vikosi vyao. Ukiunganisha unapata kitu kama Idara ya Pumzika kwa Amani: kituo cha polisi ambacho askari wake wote ni marehemu. Ni utani mzuri, na uko kwenye jina tu, kabla hujalipa hata shilingi.

Filamu ilitoka Marekani tarehe 19 Julai 2013, chini ya studio ya Universal, ikiongozwa na Robert Schwentke. Nyota wake ni Ryan Reynolds na Jeff Bridges. Jambazi ni Kevin Bacon, na bosi wa kituo ni Mary-Louise Parker. Ina dakika 96.

Ni kweli steringi anakufa mwanzoni?

Ndiyo, na hiki ndicho kilichonivuta mimi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulifundishwa sheria moja: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atafukiwa na jengo, lakini dakika za mwisho atatokea. Hapa steringi anadedi kabla hujamaliza bisi zako, halafu muvi inaendelea naye.

Anaitwa Nick Walker, mpelelezi wa polisi mjini Boston. Yeye na mwenzake Bobby Hayes, ambaye ndiye Bacon, walikamata wauza dawa za kulevya wakakuta vipande vya dhahabu, wakavigawana kimyakimya. Nick kafukia vyake uani kwake. Dhamiri inamsumbua, anamwambia Bobby kwamba anataka kuvirudisha. Ukishaona sura ya Bobby anapoambiwa hivyo, unajua Nick hana siku nyingi. Kwenye uvamizi wa ghala, katikati ya risasi, Bobby anamlipua usoni na kuisukumia kesi maiti ya jambazi mmoja.

Kinachofuata ndiyo sehemu bora ya filamu nzima. Nick anasimama, na dunia imeganda. Risasi zimening'inia hewani. Mlipuko umesimama kama ua la moto lililokatazwa kuchanua. Askari wenzake wamekwama katikati ya hatua, midomo wazi. Anapita katikati yao, anatoka nje, na juu ya paa za Boston kuna kimbunga kinachozinyonya roho kwenda juu. Hakuna anayesema kitu. Mara ya kwanza nilikaa vizuri kwenye kiti nikasema leo tumepata.

Baada ya hapo kikaanza kuelezwa kila kitu.

Hao "madedo" ni mizimu, majini au mazombi?

Ni wafu waliokataa kwenda. Badala ya kuvuka kwenda kwenye hukumu, wamebaki duniani wamejificha ndani ya sura za watu wa kawaida, na wanavyozidi kukaa wanaoza ndani kwa ndani na kuharibu vinavyowazunguka. Filamu inawaita "deados", na kwa Kiswahili chetu cha mtaani ambamo mtu "anadedi", neno madedo linaingia bila kubisha hodi. Kazi ya idara ni kuwasaka na kuwarudisha. Ikishindikana, kuna risasi maalumu za kuwafuta kabisa.

Nick anapewa mkataba na Proctor, yule bosi: atumikie idara kwa miaka mia moja, na hukumu yake itasubiri. Ukizingatia ile dhahabu ya uani, ni ofa ambayo mtu mwenye akili haikatai.

Hivi niliona sawa, wanawatambua wafu kwa chakula cha Kihindi?

Uliona sawa. Mshukiwa anawekwa kiti moto kwa maswali na viungo vya Kihindi, hasa bizari nyembamba, na akiwa dedo anashindwa kujizuia: uso unapasuka, anavimba, anakuwa lijitu. Kwa nini bizari? Filamu haitoi sababu ya maana, na kwa kweli haikuhitaji kuitoa. Mambo kama haya yakielezwa sana yanapoteza ladha.

Ila mtazamaji wa pwani lazima acheke peke yake hapo. Dedo akijificha Boston anaweza kumaliza miaka ishirini bila kukutana na bizari. Alete kichwa chake Zanzibar! Hamalizi wiki. Akikwepa pilau la harusi atanaswa na la maulidi, na kuna hatari kubwa zaidi, kwamba ataumbuka kwenye khitma yake mwenyewe. Kichekesho hiki nimekitunga mimi kwa sekunde kumi nikiwa nimekaa kwenye mkeka. Waandishi walikuwa na miezi na mamilioni ya dola, na bizari wakaitumia mara chache kisha wakarudi kufukuzana barabarani.

Nielezeni zile sura za kuazima, sikuelewa.

Swali hili huulizwa kuliko yote, na ndipo ulipo ugonjwa wa muvi yenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Askari wa idara wakirudi duniani hawawezi kutembea na nyuso zao, maana watu waliwazika. Kila mmoja anapewa sura ya kuazima. Sisi watazamaji tunamwona Reynolds na Bridges, lakini watu walio hai wanaona kitu kingine. Nick anaonekana kama mzee wa Kichina, anayeigizwa na James Hong, mkongwe aliyezaliwa Minneapolis mwaka 1929 na ambaye uso wake umepita kwenye filamu nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Roy, mwenzake Nick kwenye idara, yule kauboi wa Bridges mwenye masharubu na harufu ya farasi, anaonekana kama mwanamitindo mrembo mwenye nywele za dhahabu, Marisa Miller. Hata silaha zinageuka: bastola ya Nick watu wanaiona ndizi, ya Roy wanaiona mashine ya kukaushia nywele.

Sasa fikiria tukio la mazishi. Nick anafika kwenye mazishi yake mwenyewe. Anamwona mkewe, Julia, anamwendea kutaka kumwambia kwamba yuko hapa, asilie, na kwamba aliyemuua ni huyo huyo anayemshika bega. Julia anageuka na kumwona babu wa Kichina asiyemjua akimsemesha maneno yasiyoeleweka kando ya kaburi la mumewe. Hapo kuna kicheko na uchungu kwenye sahani moja. Mtu anaweza kutengeneza filamu nzima juu ya hiyo hali tu: mwanamume anayejaribu kumfariji mjane wake akiwa kwenye sura ambayo kila akimkaribia nayo, mjane anarudi nyuma.

Na filamu ilifanya nini na hazina hiyo? Inaonyesha sura za kuazima kwa sekunde kadhaa, tunacheka, inakata. Dakika chache baadaye inaonyesha tena, tunacheka kidogo kuliko hapo mwanzo, inakata. Hong na Miller ukiwajumlisha sidhani kama wanajaza robo saa. Sababu haihitaji mpelelezi: studio imelipia uso wa Bridges na uso wa Reynolds, na huwezi kulipa fedha hizo halafu ukamwonyesha babu mwenye ndizi. Kwa hiyo wazo lililoibeba filamu likawa ndilo linalofichwa ili nyota waonekane.

Na utani wa Roy kwenye mwili wa mrembo nao unarudi kwenye jambo lilelile kila mara: wanaume wanageuza shingo, wanapiga miluzi, wanagongana. Mara ya kwanza sawa. Baada ya hapo ni kama mjomba anayerudia kichekesho kilichochekwa jana.

Si ndiyo Men in Black hii, wamebadilisha wageni wa angani wakaweka wafu?

Wahakiki karibu wote walisema hivyo, na ni vigumu kuitetea. Kijana anayeingizwa kwenye idara ya siri. Mzee mkavu anayemfundisha. Ofisi nyeupe iliyojaa viumbe na makaratasi. Majitu yaliyovaa sura za watu. Hata hiyo Men in Black ya 1997, kama hii, ilitoka kwenye kitabu cha katuni, kazi ya Lowell Cunningham iliyoanza kuchapishwa 1990.

Lakini kufanana si dhambi kubwa. Tofauti ninayoiona ni ya subira. Will Smith anapochaguliwa kwenye Men in Black tunakaa naye kwenye chumba cha usaili, anahangaika kujaza karatasi juu ya mapaja, anaiburuza meza kwa kelele mbele ya watu wote, na tunajua ni mtu wa aina gani kabla hajapewa bunduki. Nick tunamjua kwa mambo mawili: anampenda mkewe na kaiba dhahabu. Halafu mbio zinaanza na hakuna anayerudi kutuuliza kama tumeshamzoea.

Kitabu chake cha katuni ni kizuri kuliko filamu?

Ni kidogo na kimetulia zaidi. Kiliandikwa na Peter M. Lenkov, kikachorwa na Lucas Marangon, na wachapishaji Dark Horse wakakitoa kwa matoleo manne kuanzia mwaka 1999. Lenkov si mgeni wa sinema: jina lake limo kati ya waandishi wa Demolition Man ya 1993, na baadaye ndiye aliyeifufua Hawaii Five-0 kwenye televisheni. Mfumo wa hadithi ni uleule, polisi aliyeuawa anayepangwa na mlinda sheria wa enzi za kauboi. Kwenye filamu hadithi ilijengwa upya na Phil Hay na Matt Manfredi pamoja na David Dobkin, wakaingiza ile fimbo ya dhahabu nitakayoieleza chini.

Msilaumu katuni. Dark Horse haohao ndio waliotoa The Mask, na filamu yake ya 1994, iliyogharimu sehemu ndogo tu ya fedha za R.I.P.D., iliingiza zaidi ya dola milioni 350. Pale walimwacha Jim Carrey na uso wa kijani atambe, hawakumficha.

Ilipata hasara kiasi gani?

Bajeti inayotajwa zaidi ni dola milioni 130, na zipo hesabu zinazoifikisha 154, bila gharama za matangazo. Mapato ya dunia nzima yaliishia milioni 78 na ushee. Marekani na Kanada zilichangia kama 33 hivi. Ukikumbuka kwamba wenye kumbi hubaki na karibu nusu ya kila tiketi, utaona kilichorudi studio hakikutosha hata kulipa yale majitu ya kompyuta.

Kwa nini ilianguka wiki ya kwanza tu?

Kwanza, studio haikuwaonyesha wahakiki mapema, na mtazamaji mzoefu anajua maana yake: mpishi anayekukataza kuchungulia sufuria ana sababu. Pili, ilikaa sana. Upigaji wa picha ulianza Boston Septemba 2011 na filamu ikatoka karibu miaka miwili baadaye.

Tatu ndiyo inayonifurahisha. Angalieni iliingia sokoni na nani. Wikendi hiyo iliongozwa na The Conjuring, filamu ya kutisha ya bajeti ya takriban milioni 20, iliyokusanya karibu milioni 42 kwa siku tatu. Watu walitaka wafu, naam, ila wafu wa kweli kweli. Ya pili ilikuwa Despicable Me 2, mali ya Universal wenyewe. Ya tatu ni Turbo, katuni ya konokono mwenye mbio, na sauti ya huyo konokono ni ya nani? Ryan Reynolds. Ya tano ni Red 2, mwendelezo wa filamu ambayo sehemu yake ya kwanza, 2010, aliiongoza Schwentke huyuhuyu, pia kutoka kwenye katuni, na ndani yake yumo Mary-Louise Parker huyuhuyu. R.I.P.D. ikashika nafasi ya saba kwa milioni 12 na nusu na chenji. Steringi kapitwa na konokono mwenye sauti yake.

Na waliokwenda kuiona hawakutoka wakiisifia. Walipohojiwa milangoni waliipa C+, alama ambayo kwa muvi ya aina hii ni sawa na kusema "haya, tumeona".

Jeff Bridges anaongea nini pale? Sisikii hata neno.

Si masikio yako. Roy Pulsipher ni mlinda sheria wa miaka ya 1800, na Bridges kampa sauti ya mtu anayetafuna kokoto huku akisimulia. Miaka mitatu tu kabla yake alikuwa Rooster Cogburn, mlinda sheria mzee, kwenye filamu ya kikauboi True Grit, na wengi waliona kaja na kofia ileile. Mimi namtetea. Ndiye pekee anayeonekana kufurahia kazi: anavyolalamika kuhusu koyote, wale mbwamwitu wadogo wa Marekani, walioula mwili wake, anavyovisifia vifundo vya miguu vya Proctor kama vijana wa enzi zake walivyosifia, anavyolinda ile kofia. Nafasi hiyo awali ilikuwa ya Zach Galifianakis, akajitoa kwa sababu ya ratiba. Bridges mwenyewe alikuja kusema kwenye mahojiano kwamba alifurahia kuitengeneza kuliko alivyofurahia kuiona.

Na Reynolds, alikosea wapi?

Hakukosea sana, alikosa cha kufanya. Miaka miwili kabla alikuwa Green Lantern, nayo ikamwangukia. Hapa ameambiwa ashangae, na anashangaa kwa dakika 96. Mdomo wake mchafu na wa haraka, ambao ndio mtaji wake, umefungwa. Ulipofunguliwa kwenye Deadpool mwaka 2016, filamu ya dola milioni 58 ikaingiza zaidi ya 780. Ni mtu yuleyule, na chanzo tena ni katuni.

Ile fimbo ya dhahabu ilikuwa ya nini?

Ya kumaliza filamu. Vile vipande ni sehemu za Fimbo ya Yeriko, chombo cha kale kinachoweza kugeuza kile kimbunga ili badala ya kupandisha wafu kiwashushe duniani. Bobby naye kumbe ni dedo siku zote. Hilo ni pigo zuri kwa sekunde tano, halafu linageuka kuwa boriti ya mwanga angani na maghorofa yanayobomoka, mwisho ambao miaka ile ulikuwa kwenye kila filamu ya kiangazi.

Watoto waangalie?

Matusi si mengi na damu hakuna ya kutisha. Wakubwa kidogo sawa. Majitu yenyewe yamechorwa kwa kompyuta kama vibonzo, hayamkoseshi mtu usingizi, na hilo nalo ni lawama.

Ipo sehemu ya pili?

Ipo, na watu wanashangaa nikiwaambia. R.I.P.D. 2: Rise of the Damned ilitoka Novemba 2022 bila kupitia kumbi za sinema. Inarudi nyuma hadi mwaka 1876 kuonyesha Roy alivyouawa, na sasa anaigizwa na Jeffrey Donovan. Hakuna Bridges, hakuna Reynolds. Bajeti ni ndogo na inaonekana kwenye kila ukuta, lakini kwa kuwa haina fedha za kubomoa mji, inalazimika kuwaacha watu waongee. Sisemi ni nzuri.

Kwa hiyo niitazame au niachane nayo?

Kama bando ni la kubana, achana nayo. Kama inapita bure kwenye televisheni na umeshakula, tazama mpaka mazishi yaishe, kisha amua. Mkiwa wengi inapendeza zaidi, hasa akiwepo yule rafiki anayeweza kuitafsiri kwa kuongeza chumvi kama kina Lufufu, watafsiri wa mabanda ya video, walivyofanya. Wakati wa bizari mpeni yeye maiki.

Dakika gani nikiinuka kubandika chai sikosi kitu?

Wakianza kupandisha fimbo juu ya paa, inuka. Chemsha maji bila haraka, weka na tangawizi. Mji utakuwa bado unabomoka. Rudi pale Bobby anapomchoma Julia kisu na Nick akamwona mkewe akianza kuvuka, maana kwa mara ya kwanza tangu mazishini wawili hawa wanaonana kwa nyuso zao wenyewe, kwa muda mfupi, kabla Julia hajarudishwa kwa walio hai. Halafu usizime. Nick anaomba sura mpya ya kuazima, amechoka kuwa babu, na idara inampa: kasichana ka skauti, na sare yake kamili.

Tukio hilo nalo limekatwa upesi.